FIDIA YA WATOTO KUMI: Tangu Madina Hadi Darasa la Mtaani Kwetu



Ndugu msomaji, kila ifikapo tarehe 17 ya mwezi huu mtukufu masheikh wetu hutukumbusha Vita vya Badr vilivyopiganwa mwaka wa 2 Hijria. Tunasikia habari za Waislamu wasiozidi mia tatu na kitu, ngamia wachache, visima vya maji, na ushindi aliowajaalia Mwenyezi Mungu waja wake. Mawaidha mengi huishia hapo, watu wakainuka kwenda kunywa kahawa. Leo naomba tusiinuke. Twende mbele kidogo, tufike Madina baada ya vita, kule mateka walikokusanywa wakingojea kukombolewa.

Mateka wa Kikureshi waliokuwa na jamaa zenye mali walikombolewa kwa pesa. Lakini walikuwako wengine wasio na kitu, ila wanajua kuandika. Makka ulikuwa mji wa biashara, na biashara haiendi bila kalamu. Madina wakati ule waliojua kuandika walikuwa wachache. Wanahistoria wa sira, akiwemo Ibn Saad, wametueleza kwamba Mtume (s.a.w.) aliwawekea hao fidia ya namna yake: kila mmoja afundishe watoto kumi wa Madina kuandika. Zayd bin Thabit (r.a.), ambaye baadaye alikuwa mwandishi wa wahyi na ndiye aliyekabidhiwa kazi nzito ya kuikusanya Qur'ani, anatajwa kuwa mmoja wa vijana waliojifunza kwa njia hiyo.

Sasa tega sikio hapa, manake hapa ndipo penye makala yote haya. Riwaya hazisemi kwamba mateka afundishe miezi mitatu, wala hazisemi afike kila asubuhi atie sahihi kwenye daftari. Zinasema watoto wakishajua barabara, hiyo ndiyo fidia yake. Mtoto akiwa bado hajui, mwalimu bado ni mateka. Kilichohesabiwa ni kile mtoto alichobaki nacho mkononi.

Hebu chukua kipimo hiki uende nacho kwenye shule yoyote ya serikali unayoijua hapa Kenya. Serikali yetu, tangu ile ya mkoloni mpaka hii ya leo, imepima mengi: majengo, madawati, idadi ya watoto, pesa kwa kila mwanafunzi, alama za mtihani wa mwisho. Swali la Madina, je mtoto amejua?, limeulizwa mara chache mno, na mara zote lilipoulizwa limezua kelele. Historia ya mambo hayo ni ndefu na ina uhusiano mkubwa na sisi Waislamu wa pwani na wa kaskazini mashariki kuliko tunavyodhani.

CHUONI KWETU

Kabla hatujamnyooshea mtu kidole, tuanze nyumbani. Wazee wetu hawakungoja Mzungu awaletee elimu. Kila mtaa wa Lamu, Malindi, Mombasa na Vanga ulikuwa na chuo. Mtoto aliketi jamvini na ubao wake, akaanza alifu, bee, tee, akapanda pole pole mpaka Juzuu Amma, mpaka akahitimu msahafu na wazazi wakatoa sadaka na haluwa.

Ukitazama vizuri, chuo kilikuwa na jambo moja ambalo shule zetu kubwa za leo hazina. Maalim alimsikiliza kila mtoto peke yake, kila siku. Hukusonga aya ya mbele mpaka ya nyuma imekaa sawa ulimini. Aliyekwama alijulikana siku ile ile, (na bakora nayo ilijua njia, lakini hilo tuliache.) Hapakuwa na mtu wa kukaa miaka minane nyuma ya darasa bila kusikika sauti yake.

Lakini tuseme kweli, manake hii ni Ramadhani. Kipimo cha chuo kilipima sauti. Wengi wetu tulihitimu tukiweza kusoma kwa moyo kurasa nzima, na ukitupa ukurasa mwengine wa Kiarabu tusiowahi kuuona tunabaki kutazama. Kumbe tulikuwa tunakumbuka, hatusomi. Kwa ibada ile hifadhi ina thawabu yake kubwa, hapana shaka. Kama elimu ya kusoma, ilikuwa nusu ya njia. Na ugonjwa huo huo wa kukariri utauona tukifika kwenye skuli za serikali, umevaa sare.

SKULI YA MKOLONI

Skuli za kwanza za kizungu pwani zilikuwa za wamishenari. Krapf na Rebmann walikuwa Rabai kufikia mwaka 1846, na Frere Town ikaanzishwa Kisauni mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Kusoma na kubatizwa vilikwenda pamoja. Basi tusiwalaumu wazee bure waliposema mtoto wetu haendi huko. Walipima shule kwa kipimo chao: je, mtoto atarudi nyumbani akiwa Muislamu? Jibu walilopata halikuwaridhisha, wakafunga mlango.

Serikali ikaona hasara yake, maana ilihitaji makarani na watafsiri. Mwaka 1912 ikafungua skuli ya Waarabu hapa Mombasa, isiyo ya kanisa. Hata hivyo mfumo wenyewe uligawanywa kwa rangi: skuli za Wazungu, za Wahindi, za Waarabu, za Waafrika, na fungu la pesa kwa kila mtoto likashuka kwa mpangilio huo. Mswahili wa Mji wa Kale akabaki kuulizwa wewe ni nani, Muarabu au Muafrika, na jibu lake ndilo lililoamua ataketi dawati gani. Huo ulikuwa ubora wa elimu unaopimwa kabla mtoto hajafungua kitabu.

Mtu aliyeliona jambo hili mapema na kulisema kwa Kiswahili kinachofahamika alikuwa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947), Mwenyezi Mungu amrehemu. Mwaka 1930 alianzisha karatasi iliyoitwa Sahifa, na mwaka 1932 gazeti la Al-Islah. Alikuwa mwanachuoni wa kweli kweli, na kuanzia 1937 mpaka kufa kwake alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, kwa hivyo hakuna aliyeweza kumwambia kwamba ameuza dini. Aliwaambia Waislamu kwamba wengine wanatangulia na sisi tumelala, tujifunze elimu za kisasa pamoja na dini yetu, na tusiwaache watoto wa kike. Mwaka 1933 madrasa ya Al-Ghazali ikaanzishwa Mombasa kwa fikra hizo hizo: dini na elimu ya dunia chini ya paa moja.

Naomba uliweke jina la sheikh huyu akilini, kwa sababu sasa tunakuja kwa mwanawe.

KIJANA ALIYEKATALIWA

Ali bin Al-Amin Mazrui alizaliwa Mombasa mwaka 1933. Akasoma skuli hapa hapa, akafanya mtihani wa Cambridge wa kumaliza sekondari, karatasi zikapelekwa Uingereza kusahihishwa, matokeo yakaja: daraja la tatu. Akaomba nafasi Makerere, ambacho ndicho chuo kikuu pekee kilichokuwapo Afrika Mashariki wakati huo. Makerere ikamkataa.

Kwa mfumo ule habari yake ilikwisha hapo. Mtihani umesema, nani atabisha? Akapata kazi ndogo kwenye taasisi mpya ya ufundi ya Waislamu, MIOME, ile ambayo Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na wengineo waliichangia, na ambayo baada ya kubadilishwa majina mara kadhaa ndiyo leo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Siku moja kulikuwa na hafla ya Maulidi. Kijana Ali akapewa nafasi ya kuhutubu, na mgeni wa heshima alikuwa gavana, Sir Philip Mitchell. Gavana akasikia, akashangaa, akauliza huyu ni nani. Kwa msaada wake kijana akapata nafasi ya kwenda Uingereza kumalizia sekondari, kisha Chuo Kikuu cha Manchester, kisha Columbia kule Marekani, na shahada ya udaktari wa falsafa akaichukua Oxford mwaka 1966.

Na kabla hata hajaichukua, Makerere ile ile iliyomkataa ilikuwa imemuajiri, na katika miaka hiyo ya 1960 ikampa uprofesa na kumfanya mkuu wa idara ya sayansi ya siasa. Dunia nzima ikamjua. Alipofariki Oktoba 2014 huko Marekani, mwili uliletwa Mombasa akazikwa makaburi ya Wamazrui, karibu na Fort Jesus.

Watu wetu hukisimulia kisa hiki kama kisa cha bahati, wakisema alhamdulillah. Nami nasema alhamdulillah. Lakini mimi kinanikosesha usingizi. Kwa sababu yule alikuwa mtoto wa Kadhi Mkuu, mwenye hotuba, kwenye hafla aliyohudhuria gavana. Darasani mwake walikuwemo wengine. Kule Kwale, Tana River, Wajir, walikuwemo wengine zaidi, wamepewa daraja la tatu au hawakupewa hata karatasi ya kufanya. Hao hakuna gavana aliyepita akasikia sauti zao. Mtihani uliokosea kwa Ali Mazrui, kwani ulikosea kwake yeye peke yake?

CHEKECHEO LA CPE

Uhuru ukaja 1963. Tume ya Profesa Simeon Ominde ikaundwa mwaka huo huo, na katika ripoti yake ya 1964 ikapendekeza kuondoa ubaguzi wa rangi na kuwa na elimu moja kwa taifa moja. Hilo lilikuwa jema na lilifanyika. Ila mtihani ulibaki kuwa chekecheo. Nafasi za sekondari zilikuwa chache, watoto wengi, kwa hivyo mwisho wa darasa la saba kulikuwa na mtihani wa CPE ambao kazi yake hasa ilikuwa ni kuchuja.

Wazazi wetu wanaikumbuka CPE. Karatasi tatu: Kiingereza, hesabu, na karatasi moja ya mchanganyiko wa sayansi, historia na jiografia. Majibu ni kuchagua herufi. Kiswahili hakimo. Fikiria mtoto wa Siyu au wa Pate ambaye lugha yake inatungiwa tenzi tangu karne na karne. Lugha hiyo haikumpa hata alama moja. Akapimwa kwa lugha anayoisikia kwa mwalimu tu, tena labda na mwalimu mwenyewe anaisikia kwenye redio. Akianguka, akaitwa mzito. Na sisi tukaamini! Mpaka leo utasikia mtu mzima akisema watu wa pwani hawana kichwa cha masomo. Astaghfirullah.

Hapa sasa kuna kipande cha historia ambacho vijana wengi hawakijui, na kwa maoni yangu ndicho kizuri kuliko vyote. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilileta ujumbe Kenya kuchunguza ajira na umasikini. Miongoni mwa yaliyochunguzwa ni maswali ya CPE, na mtafiti mmoja, Anthony Somerset, akayapekua swali kwa swali. Ikaonekana kwamba maswali mengi yanapima kumbukumbu tu, na mengine yanampendelea mtoto wa mjini aliyezoea maisha ya watu wenye nafasi. Mtoto wa kijijini mwenye akili kali anakosa, si kwa kutojua kufikiri, bali kwa kutowahi kuona kitu kinachoulizwa.

Kwa hivyo katika miaka ya 1970 maswali yakabadilishwa. Yakaanza kuuliza mambo ambayo mtoto yeyote wa Kenya anaweza kuyaona kwa macho yake na kuyafikiria: mazao, maji, maradhi, wanyama. Lakini jambo kubwa zaidi lilikuwa hili: kila mwaka wenye mtihani wakawaandikia waalimu jarida. Ndani yake wakaeleza swali fulani watoto wengi wamekosa, jibu la makosa walilolichagua zaidi ni lipi, na kwa nini inaonekana walilichagua hilo. Maana yake, mwalimu anaonyeshwa fikra za mtoto zilipopotea njia. Pamoja na hayo, wilaya na shule zikapelekewa matokeo yao, wajue wamesimama wapi na wengine.

Unaona tofauti? Mtihani wa zamani ulimwambia mtoto: wewe umeanguka. Huu ukawa unamwambia mwalimu: hapa ndipo wanapoangukia. Ni yule maalim wa chuoni anayesikiliza kila mmoja, ila sasa anasikiliza nchi nzima.

Je, ilifanya kazi? Si mara moja. Miaka ya mwanzo pengo baina ya wilaya lilizidi kupanuka, kwa sababu shule zilizokuwa na waalimu wazuri ndizo zilizolisoma jarida na kubadilika upesi. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 sehemu nyingi zilizokuwa nyuma zikaanza kukaribia. Ilichukua subira. Na wewe unajua katika nchi yetu subira si kitu kinachopatikana kwa wingi pale wizarani.

MATOKEO YA MTIHANI, NA BEGA LA MZAZI

Mwaka 1985 ukaja mfumo wa 8-4-4 na KCPE. Kiswahili kikapata haki yake, kikawa cha lazima na chenye kutahiniwa, na mtoto akaanza kuandika insha kwa mkono wake badala ya kuchagua herufi peke yake. Elimu ya dini ya Kiislamu nayo ikawa na maswali yake. Kwetu sisi hilo lilikuwa jambo kubwa. Mzigo lakini ulikuwa mzito, karatasi saba alama 700, mpaka 2001 zikapunguzwa zikawa tano na alama 500.

Kisha lile wazo zuri la kuwapa shule matokeo yao likaharibika. Lilianza kama dawa likawa ngoma. Kila mwisho wa mwaka magazeti yakajaa orodha: shule ya kwanza, mkoa wa mwisho, mtoto wa kwanza amebebwa begani. Pwani na Kaskazini Mashariki tukazoea kuyatafuta majina yetu kuanzia chini ya ukurasa. Wenye shule nao wakajifunza ujanja. Mtoto dhaifu anarudishwa darasa la saba asije akateremsha wastani. Shule binafsi inawasajili wanafunzi wake wakali kituo kimoja na walio dhaifu kituo chengine. Wastani unapanda, na mtoto hajajua kitu cha ziada. Mwaka 2014 serikali ikaacha kutoa orodha hizo.

Halafu kuna wizi wa mtihani. Katika KCSE ya 2015 zaidi ya watahiniwa 2,600 walipata alama ya A. Mwaka uliofuata, baada ya baraza la mitihani kuvunjwa na ulinzi kukazwa, waliopata A walikuwa 141. Soma tarakimu hizo tena polepole. Sitaki kusema kila A ya 2015 ilikuwa ya wizi, hapana. Usahihishaji nao ulizua maswali. Lakini mtu mwenye kufunga na kujizuia hata na maji ya halali mpaka jua lizame, halafu ananunua karatasi ya mtihani kwenye simu, huyo na nafsi yake wana mazungumzo.

MILANGO ILIPOFUNGULIWA

Mara mbili Kenya imefungua milango kwa kishindo. Mara ya kwanza ni 1974, ada ya madarasa ya chini ilipoondolewa: watoto wa darasa la kwanza wakatoka chini ya 400,000 wakapita 950,000 kwa mwaka mmoja. Waalimu hawakutosha, michango ya ujenzi ikazushwa, na wengi wakarudi nyumbani kimya kimya. Mara ya pili ni Januari 2003. Idadi ya watoto wa msingi ikaruka kutoka milioni 5.9 hivi hadi kama milioni 7.2, na serikali ikatoa shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka. Wallahi ilikuwa furaha. Mama aliyekuwa akificha uso kwa mwalimu mkuu kwa ajili ya deni la ada alitembea kichwa juu. Asije mtu akakwambia hilo halikuwa na maana.

Ila darasa lililojengewa watoto 40 likaingiwa na 80, pengine 100, na waalimu hawakuongezwa kwa kiasi hicho, kwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 serikali ilikuwa imesimamisha kuajiri wapya isipokuwa kujaza pengo la walioondoka.

Basi mwaka 2009 kukatokea kitu kipya. Mradi ulioitwa Uwezo uliwatuma watu wa kujitolea majumbani, sio shuleni. Wakagonga mlango, wakaomba kumuona mtoto wa miaka sita hadi 16, wakampa hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili na hesabu chache za kiwango hicho hicho. Soma. Basi, hilo tu. Mzazi amekaa pale pale anatazama. Ripoti ya 2011 ikasema kwamba katika watoto kumi wa darasa la tatu, watatu tu ndio walioweza kazi ya darasa la pili. Na walikuwako watoto wa darasa la nane waliokwama.

Wakubwa wengine walikasirika, wakasema kipimo si cha haki. Mficha maradhi, wahenga walishasema kifo humfanya nini. Utafiti wa Benki ya Dunia uliotolewa mwaka 2013 nao ukaonyesha kwamba tatizo kubwa halikuwa mwalimu kutofika shuleni. Wengi walifika. Wako shuleni ila hawamo darasani.

Nilipoisoma ripoti ile ya Uwezo nilimwita mpwa wangu, wakati huo yuko darasa la nne, ripoti zake za muhula zina maneno mazuri, "ameendelea vyema". Nikampa ukurasa wa kitabu cha hadithi asichowahi kukiona. Akaanza kunisomea kwa ufasaha. Nikasimama nyuma yake nikaona maneno anayoyasema hayamo ukurasani. Alikuwa anasoma hadithi nyengine, ya kitabu cha shuleni, aliyoihifadhi. Ni mtoto mwenye akili sana, kama wewe unavyoona. Miaka minne alimdanganya kila mtu, na sisi sote tulidanganyika kwa raha zetu, mimi mjomba wake wa kwanza. Dada yangu alilia. Tulimkalisha kila baada ya magharibi, nusu saa, na kwa muda wa miezi mitano hivi akawa anasoma. Hakuwa na ugonjwa. Alikuwa hajasikilizwa.

SASA WEWE

Sasa tuko kwenye mtaala mpya wa umilisi, ulioanza kujaribiwa 2017. KCPE ya mwisho ilifanywa 2023. Wenye mtaala wanasema mtoto atapimwa kidogo kidogo mwaka mzima kwa yale anayoweza kuyafanya. Ukilitazama neno lenyewe, ni kauli ya Madina hasa. Lakini kupima kila mtoto kwa alichoweza kunahitaji mwalimu mwenye muda wa kumtazama kila mtoto, na kama darasa lina watoto 90 mwalimu atajaza fomu tu. Wazazi wengi nao wamebaki kununua manila na kuchapisha picha saa nne usiku. Mimi nausubiri mtaala huu kwa moyo mkunjufu na jicho wazi.

Lipo jambo la kwetu ambalo si la wizara. Waislamu wenye uwezo wamejenga shule zao, zenye dini na masomo pamoja, na nyingi zinafanya vizuri, Mwenyezi Mungu azibariki. Lakini angalia kilichotokea upande wa pili. Daktari, wakili, mfanyabiashara, imamu mwenye sauti, wote wamewatoa watoto wao shule ya serikali. Waliobaki ni watoto wa mama muuza viazi karai na wa baba mbeba mizigo bandarini. Mkutano wa wazazi ukiitwa, nani atauliza kwa nini shule nzima haina mwalimu wa elimu ya dini ya Kiislamu? Nani atasimama na kusema watoto wa darasa la tatu hawasomi? Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imeweka bodi ya usimamizi na chama cha wazazi katika kila shule ya serikali. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, imempa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na kifungu cha 35 kimempa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kijana unayesoma hapa, uliyemaliza kidato cha nne na unangoja matokeo au kazi, wewe unaweza kumsindikiza mama yako kwenye mkutano ule na daftari mkononi.

Usiende kugombana. Waalimu wetu wamebeba mzigo ambao wengi wetu tusingeuweza hata siku mbili, na mwalimu anayewajibika kwa watoto 90 anahitaji mtu wa kumsaidia kabla ya mtu wa kumfokea. Nenda na habari. Mwambie: mwalimu, mtaani kwetu tumewasikiliza watoto ishirini wa darasa la nne, kumi na wawili wanasoma, wanane bado, hawa wanane tunaweza kuwakalisha msikitini jioni, wewe tuambie tuanzie wapi.

Kufanya hivyo hakuhitaji mfadhili. Chukua ukurasa mmoja wa hadithi ambayo haimo katika vitabu vyao vya shule. Mketishe mtoto baada ya futari, akiwa ameshiba na hana hofu. Msikilize, simama nyuma yake kama nilivyosimama mimi. Muulize mwishoni hadithi ilisema nini. Andika. Usimcheke na usimwambie jirani.

Sisi vijana wa mtaa wetu tumekubaliana kuanza usiku wa Badr, tarehe 17, baada ya tarawehe, pale barazani nje ya msikiti. Tumechapisha kurasa za hadithi za Kiswahili na za Kiingereza, na akina dada watakaa upande wa pili na wasichana. Tumegawana kama walivyogawiwa wale mateka: kila mmoja wetu na watoto wake kumi. Nimeshapewa orodha yangu. Watatu sijui hata nyumba zao ziko wapi, kwa hivyo kesho baada ya alasiri natoka kwenda kuzitafuta.

Ramadhan Karim. Wassalaam.